Seva Iliyougua Kila Tulipoiombea

Ndugu msomaji, kadiri tulivyoiombea mashine ile, ndivyo ilivyozidi kuugua.

Sisemi hivi kwa dhihaka. Mimi ni Mkristo na sala naiheshimu. Naeleza tu jinsi mambo yalivyofuatana.

Tuliiombea asubuhi. Baada ya Amina, ikawa haiwaki.

Kesho yake, hivyo hivyo.

Naitwa Wambeti, mzaliwa wa Embu, mtaa wa Majimbo. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu na nasomea sayansi ya kompyuta. Muhula uliopita nilipelekwa kufanya mafunzo kazini katika kituo kidogo cha redio ya kanisa huko Kianjai, Meru. Kituo kiko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Ukipanda ngazi unakutana kwanza na harufu ya dawa ya kupe, halafu injili.

Nilikwenda na imani kubwa. Niliamini kwamba teknolojia ikitunzwa na watu waaminifu inaweza kuinua jamii nzima.

Bado naamini. Siku hizi naamini kwa tahadhari.

Kituo kilikuwa na seva moja tu, na ndani yake mlikuwa na kila kitu: mahubiri, nyimbo za kwaya, vipindi vya kilimo, matangazo ya vifo, matangazo ya punda waliopotea. Seva ikizimika, redio inabaki na sauti ya mtu mmoja aliye studioni wakati huo.

Mtu huyo alikuwa Maxine, mtangazaji wa asubuhi.

"Manze Wambeti," aliniambia siku yangu ya kwanza, akitoka studioni amechoka kama mtu aliyetoka shambani, "leo nimesoma kalenda ya ukutani hewani. Yote. Mpaka jina la waliochapisha."

"Kwa nini?"

"Si hiyo seva yenu imezirai tena. Wakianza maombi, inazirai. Mimi nakwambia hiyo kitu iko na kitu."

Nilimweleza kwa upole kwamba kompyuta haiwezi kupagawa.

"Sawa, msomi," alisema. "Kesho kuja usome kalenda."

Seva ilikaa katika chumba cha ndani, na chumba hicho ndicho kilichokuwa na zulia, tena hakikuwa na dirisha la kuelekea barabarani. Kwa sababu hiyo ndicho kilichotumika kwa ibada ya wafanyakazi kila asubuhi kabla ya kazi. Walihudhuria mhasibu, watu wa matangazo ya biashara, mlinzi na mwanamke wa usafi. Mimi sikuhudhuria. Kanuni ya ofisi ilikuwa kwamba watu wazima wakiwa mbele za Mungu, mwanafunzi anabaki mapokezi kupokea simu.

Meneja wetu, Bwana Runji, naye hakuhudhuria, kwa kuwa alitoka Meru mjini na alifika ibada ikiwa imekwisha.

Mtu mwingine ambaye hakuhudhuria alikuwa Salesio, fundi wa mitambo.

Salesio alikuwa kijana ambaye umri umesogea kidogo, mtu wa Embu kama mimi, mwenye maneno machache sana. Alingoja ibada iishe, watu watoke, ndipo apande kwa ngazi za nyuma na kuingia chumbani. Kila siku alikuta kitu kimoja: skrini nyeusi na maandishi meupe ya Kiingereza yakisema kwamba kumetokea hitilafu isiyotarajiwa, na kwamba uchunguzi uendeshwe kwa mkono.

Nawaeleza wasiojua mambo haya. Kompyuta ikizimwa bila kuagwa, inakatizwa katikati ya kuandika. Fikiria soko la Gakoromone watu wakiwa katikati ya kupanga viazi na ndizi, halafu ghafla kila mmoja anaambiwa aachilie alichoshika hapo alipo. Baadaye ni lazima mtu apite kila kibanda akiuliza: gunia hili ni la nani, na hili lilikuwa likielekea wapi?

Katika mashine za jamii ya Unix, mpitaji huyo ni programu iitwayo fsck. Inatangulia kabla ya kitu kingine chochote. Isiporidhika, soko halifunguliwi.

Na fsck ya Kianjai ilikuwa hairidhiki.

Salesio aliketi akaijibu maswali yake moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kufikia saa ya chai, redio ilikuwa imepata nyimbo zake.

"Chanzo ni nini?" nilimuuliza.

"Stima."

"Lakini taa ya mapokezi haikuzimika."

"Stima ina tabia zake."

"Kaka Salesio, stima haiwezi kupotea chumba kimoja."

Alinitazama kidogo. "Wambeti, umeletwa hapa kujifunza kurekebisha. Kutafuta wa kulaumu utafundishwa ukiajiriwa."

Betri ya akiba, ile ya kuilinda mashine umeme unapokatika, ilikuwa imekufa zamani. Niliikuta mapokezi, imebebeshwa chungu cha maua.

Sasa niwajulishe kwa Madam Gladwell.

Madam Gladwell alikuwa katibu wa ofisi. Ni mama wa Kianjai hapo hapo, mwenye sauti ya chini ambayo watu huitii kabla hawajaielewa. Yeye ndiye aliyeongoza ibada na kuandika kumbukumbu za mikutano yote. Kila siku saa nne alinipa chupa ya chai na nduma zilizofunikwa kwa kitambaa safi.

"Mpelekee huyo wa mashine."

"Nimwambie zimetoka kwako?"

"Atajua."

Salesio alipokea, akageukia ukuta, akala zote. Kisha akaosha sahani mwenyewe.

"Mwambie aliyetuma, ahsante."

"Yuko hapo kwenye korido, kaka. Anakusikia."

"Mwambie."

Sikuwahi kuwaona wakisalimiana. Siku moja walikaribia kukutana kwenye korido hiyo. Salesio aligeuka, akashuka ngazi, akazunguka jengo lote kwenye mvua, akaingia kwa mlango wa nyuma akiwa ameloa. Madam Gladwell alisimama akitazama tangazo la chanjo ya ng'ombe mpaka akasikia mlango umefungwa.

Nikahitimisha kwamba waliwahi kugombana vibaya.

Niliwaweka wote wawili katika sala zangu. Nikatafuta na andiko kuhusu msamaha, nikaliwekea alama, nikingoja nafasi.

Jumatatu moja Bwana Runji aliingia chumba cha seva bila kubisha.

"Salesio, hii mashine imenichosha. Watu wananipigia simu wananiuliza kama tumeuza redio."

"Nimesikia, boss."

"Ijumaa bodi inakaa. Kuna kampuni ya Nairobi iko tayari kuchukua hii kazi yote. Ijumaa nataka vitu viwili. Mashine iwe inawaka, na uniambie ni nini huizima. Ukikosa kimoja, tutaagana vizuri, bila kelele."

"Nimesikia."

Alipotoka, nilishindwa kujizuia. "Mbona hukujitetea?"

"Nimejitetea. Nimesema nimesikia."

Nilijua alichokuwa karibu kupoteza. Alikuwa na mpango wa kuoa Desemba, na alikuwa amenionyesha katika simu picha ya nyumba anayoijenga kwao Runyenjes. Ilikuwa na kuta na madirisha. Ilikuwa bado haina paa. Jina la mchumba hakulitaja, nami sikuuliza.

Jumatano jioni Madam Gladwell aliniita.

"Kesho wewe ndiye utatuletea neno."

"Mimi, Madam?"

"Wewe. Na uiombee hiyo mashine. Uombe kabisa, ili huyo kijana asifukuzwe."

Alisema hivyo kwa uchungu ambao haukuweza kuigizwa. Nilishangaa. Mtu hawezi kumwombea hivyo adui yake.

Basi Alhamisi nikaingia ibadani kwa mara ya kwanza.

Watu walisimama kwa duara juu ya zulia, seva ikinguruma kona yake. Nilifungua Biblia kwenye lile andiko la msamaha, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba siku nyingi.

"Tunyamaze mbele za Bwana," Madam Gladwell alisema.

Wote wakafumba macho. Mimi nilichelewa kidogo, maana nilikuwa nikitafuta mstari.

Nikamwona akinyoosha mkono nyuma ya kabati la seva. Alibonyeza swichi ya ukutani.

Feni zikapunguza mwendo, zikanung'unika, zikanyamaza.

"Endelea, mwanangu," aliniambia.

Hakuna aliyeshtuka. Mhasibu alishusha pumzi kama mtu aliyeondolewa mzigo. Kwao ilikuwa kama kuzima televisheni mgeni anapotaka kuomba.

Niliomba. Sikujua niombe nini. Mgonjwa alikuwa ameuawa mbele yangu na kiongozi wa maombi, na mimi nilikuwa nimeagizwa niombe apone. Niliomba kwa maneno machache.

"Amina," walisema.

Madam Gladwell aliiwasha tena, taratibu, kama anayemfunika mtoto blanketi.

"Barikiwa, Wambeti. Umeomba vizuri."

Lakini siku hiyo skrini haikuandika maneno yake ya kawaida. Iliandika kwamba haioni hata mwanzo wa mfumo wa faili. Kwa lugha ya soko: mpitaji wetu alifika getini akakuta ramani ya soko imechanika. Hakujua vibanda viko wapi, wala kama kuna soko.

Fsck haikuuliza swali hata moja. Ilikataa tu.

Salesio alipopanda na kuiona skrini, aliketi kabla hajavua koti.

"Kaka," nilisema, "nimeona kwa macho yangu. Madam Gladwell huizima ukutani."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ilipoanza. Nilifunika swichi kwa selotepu. Kesho yake nikaikuta imetolewa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya meza yangu."

"Sasa mbona humwambii?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Alitazama mlango, kisha akapunguza sauti. "Ni mama mkwe."

Pengine msomaji wa kwingine atacheka. Mimi sikucheka. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana shahada, na anafuatilia habari za dunia. Lakini akimwona nyanya yangu wa upande wa mama sokoni Embu, hugeuka akaanza kukagua mbegu ambazo hana shamba la kuzipanda. Mama mkwe hasogelewi, hashikwi mkono, wala hakosolewi. Na kumkosoa kazini, mbele ya mkubwa wake, ni jambo ambalo hata jina halina.

"Tangu tulipokwenda kujitambulisha kwao, sijaweza kukaa naye chumba kimoja," Salesio alisema. "Ofisini hakuna anayejua. Tulikuwa tumeajiriwa hapa wote wawili kabla sijamjua binti yake."

"Si binti amwambie mama yake?"

"Kanana? Nimtume Kanana akamwambie mama yake kwamba anaharibu mashine ya kanisa? Hiyo ndiyo iwe habari ya kwanza kutoka nyumbani kwangu?"

"Basi nitamwambia Bwana Runji mimi."

"Ukimtaja huyo mama, Wambeti, mimi nitatoka kabla hujamaliza sentensi."

"Utafukuzwa bure."

"Nitafukuzwa na adabu."

Nilitaka kumjibu kwamba adabu haiezeki nyumba. Nilijizuia, nikavuta kiti.

Kisha tukafanya kazi, na hapa ndipo nilipojifunza yale ambayo darasani tuliyapita haraka.

Nilikuwa tayari nimeweka vidole kwenye kibodi. Salesio alivitoa.

"Usiguse. Mgonjwa haguswi. Tunanakili diski nzima, nzuri na mbovu, halafu tunapasua nakala. Tukikosea, tunakuwa tumekosea kwenye nakala."

Kunakili kulichukua mchana wote. Maxine alichungulia.

"Nimemaliza kalenda," alisema. "Nimemhoji mlinzi kuhusu maisha yake. Alikuwa na maisha mafupi. Nifanye nini?"

"Imba," Salesio alisema.

Akaenda akaimba. Watu walipiga simu wakiuliza kama kuna msiba.

Nakala ilipokamilika, Salesio alinieleza jambo la faraja. Waliobuni mifumo hii walijua dunia ilivyo, kwa hiyo ile ramani kuu haihifadhiwi mahali pamoja. Nakala zake zimefichwa huku na huku ndani ya diski. Tuliiomba mashine ituonyeshe zinapopaswa kuwa, tukaiambia fsck: kama ramani ya getini imechanika, tumia hii ya kibanda cha ndani.

Ya kwanza ikakataa.

Salesio alifuta mikono kwenye suruali. Akajaribu ya pili.

Skrini ikatulia kidogo. Kisha maswali yakaanza kumiminika, mengi kiasi cha kujaza ukurasa baada ya ukurasa. Sijawahi kufurahia kuulizwa maswali namna ile.

"Iache ijijibu," Salesio alisema. "Itaendelea mpaka kesho asubuhi. Isizimwe tu."

Tukatazamana.

Ijumaa asubuhi sikukaa mapokezi. Nilisimama katika chumba cha ibada, mgongo wangu ukiwa umeegemea swichi.

Madam Gladwell aliingia mbele ya wengine. "Sogea kidogo, mwanangu."

"Hapana, Madam. Leo tuombe na kelele zake."

Nilitarajia ghadhabu. Badala yake nikaona hofu.

"Ikikaa hivi bila kuzimika," alisema polepole, "bodi itasema nini juu ya fundi?"

Sikumwelewa. Nilidhani amechanganyikiwa kwa mawazo. Nilibaki nimeegemea ukuta mpaka Amina.

Kabla ya bodi kukaa, uchunguzi ulimalizika. Karibu kila kitu kilirudi. Baadhi ya faili zilipatikana bila majina, zikawekwa kwenye lile kapu ambalo mfumo huwekea vitu vilivyopotea na kuokotwa, kila moja ikiwa na namba tu. Maxine alivaa vipokea sauti akazisikiliza.

"Hii ni punda," alisema. "Hii ni mazishi. Hii ni punda tena. Hii... ngoja. Hii ni mazishi ya mwenye punda."

Redio ikarudi. Sharti la kwanza la Bwana Runji likawa limetimia.

Kikao kilikuwa ofisini kwake. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Bi. Ednah, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke asiyefanya haraka. Madam Gladwell alikaa na kalamu yake, tayari kuandika kumbukumbu. Salesio alikaa mbali kadiri chumba kilivyoruhusu, uso ameuelekeza dirishani. Kiti kilichobaki kilikuwa katikati yao, nikakikalia mimi, niliyeitwa kama msaidizi wa fundi.

"Mashine imewaka, tunashukuru," Bwana Runji alisema. "Sasa niambie. Ni nini huizima?"

Salesio alitazama mlima ulioko ng'ambo ya dirisha. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu.

"Salesio, nakuuliza."

"Sijui, boss."

Bwana Runji alifunga faili lililokuwa mbele yake. Alilifunga kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko hasira.

Nilikuwa nimeomba usiku uliotangulia nipewe hekima. Sikupewa. Nilipewa tu kutoweza kunyamaza.

"Naomba kusema," nilisema. "Mashine huzimwa kwenye swichi ya ukutani, kila asubuhi, wakati wa ibada. Haina ugonjwa mwingine. Fundi wetu amekuwa akiifufua kila siku."

Salesio alianza kuinuka.

"Inazimwa na nani?" Bi. Ednah aliuliza.

Sikujibu. Jina nilikuwa nimeahidi moyoni kutolitoa, na ukweli nilikuwa nimeahidi kuutoa, na nilikuwa nimefika mpaka wa ahadi zote mbili.

Kalamu ya Madam Gladwell ilimalizia kuandika maneno yangu. Kisha akaiweka chini.

"Ni mimi, mwenyekiti."

Akaishika tena kalamu, akaandika na hilo.

"Madam Gladwell?" Bwana Runji alisema. "Wewe? Kwa sababu gani?"

"Kelele."

"Hizo kelele ziko hapo miaka yote."

Salesio, akiwa nusu amesimama na bado akitazama dirishani, aliniambia: "Wambeti, mwambie mama hakuna haja ya kuendelea."

Mama huyo ningeweza kumgusa kwa kiwiko.

"Anasema hakuna haja ya kuendelea," nilimwambia.

"Mwambie nitaendelea."

"Anasema ataendelea."

"Nimesikia."

"Amesikia," nilisema.

Bi. Ednah alivua miwani. "Hawa wana shida gani?"

Bwana Runji alimtazama Salesio, akamtazama Madam Gladwell, akatazama umbali uliokuwa kati ya viti vyao. Yeye pia ana mama mkwe. Nikaona jambo likimfikia usoni.

"Ni binti yupi?" aliuliza.

Wao wawili hawakuweza kulijibu swali hilo.

"Kanana," nilisema mimi.

"Wa nursing?"

"Sijui, bwana. Mimi natumwa tu."

Madam Gladwell alikunja mikono juu ya meza. "Mwaka huu ukianza, Bwana Runji, tulikaa kikao hapa hapa. Ulisema mashine imekaa mwaka mzima bila kusumbua hata siku moja, kwa hivyo fundi wa kudumu ni wa nini. Ukasema tutaliangalia hilo jambo. Niliandika kwa mkono wangu."

Bwana Runji hakukana.

"Mimi si mtu wa mashine. Lakini nimeuguza watu hospitali. Sijawahi kuona daktari amefukuzwa wodi ikiwa imejaa. Nikasema, hii ikiugua kidogo asubuhi, kijana atakuwa na kazi ya kufanya, na watamwona akiifanya. Kelele ilikuwa kisingizio. Mungu nimeshamwomba msamaha." Alinigeukia. "Sasa mwambie fundi, na yeye namwomba."

"Anakuomba msamaha," nilimwambia Salesio.

Alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, lakini kwa namna ambayo nilijua si mimi anayetazamwa.

"Mwambie nilinyamaza kwa sababu ya heshima."

"Anasema alinyamaza kwa sababu ya heshima."

"Mwambie hiyo heshima ilikuwa karibu imtoe kazini."

"Anasema heshima yako ilikuwa karibu ikutoe kazini."

"Mwambie hata huo msaada wake ulikuwa unanitoa kazini."

Nilifikisha na hilo. Nilitafsiri kila kitu kwa uaminifu, kutoka Kiswahili hadi Kiswahili.

Madam Gladwell alianza kucheka, kimya kimya, mabega yakitikisika, na machozi yakimtoka. Salesio aliketi akafunika uso kwa mikono. Sikuulizwa kutafsiri hayo.

Bi. Ednah alirudisha miwani. "Bwana Runji, ulisema hivyo kweli? Kwamba mashine haisumbui, kwa hivyo anayeitunza hana kazi?"

"Nilisema, mwenyekiti."

"Vyoo vya shule yangu havikunuka miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu. Unafikiri havikuwa na mtu?"

Bwana Runji alitafakari vyoo hivyo kwa muda.

"Vilikuwa na mtu," alikubali.

"Tuendelee na ajenda."

Ile kampuni ya Nairobi haikutajwa tena. Salesio alibaki kazini, na bodi ikapitisha inunuliwe betri mpya. Ibada ilihamishiwa mapokezi, ambako simu hulia katikati ya maombi na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Madam Gladwell aliandikiwa barua ya onyo. Kwa kuwa yeye ndiye katibu, aliichapa mwenyewe, akasahihisha makosa ya Bwana Runji, akaipeleka isainiwe, akajikabidhi.

Chuoni mwalimu wangu aliuliza chanzo cha hitilafu niliyoishughulikia. Niliandika: upendo. Aliirudisha ripoti yangu akitaka maelezo ya kitaalamu, nikaandika: kukatika kwa umeme mara kwa mara. Majibu yote mawili ni sahihi, ingawa ni moja tu lililopewa alama.

Haya ndiyo niliyorudi nayo Embu.

Ukimpenda mtu, usiiharibu kazi yake ili aonekane anafaa. Na ukimheshimu mtu, usimwache akosee mbele yako kila asubuhi kisha uite kunyamaza kwako adabu. Tafuta mtu wa kukaa katikati, hata kama ni mwanafunzi, mumtume.

Na kama ofisini kwenu kuna mashine ambayo haijawahi kuwasumbua, kuna mtu. Mtafuteni, mumsalimie.